Waya Mrefu Uko Mtaa wa Sikukuu

Siku niliyokabidhi begi langu la kazi, Neema alilimwaga lote juu ya kaunta, akaanza kukagua kitu kimoja kimoja kama nilivyomfundisha mwenyewe. Bisibisi zipo. Adapta zipo. Waya mfupi upo, wa kati upo. Akainua kichwa akaniuliza, "Mama Somoe, waya mrefu uko wapi?" Nikamjibu uko Mtaa wa Sikukuu. Duka zima likacheka, mkadhani nimeanza kuchanganyikiwa kabla hata ya kufika nyumbani. Haya. Sasa nimestaafu, nimekaa barazani kwangu Mbagala, kuku wa jirani wananitazama nami nawatazama, kazi nyingine sina. Ngoja niwaandikie ule waya ulifikaje kule, na mengine yatakayojitokeza njiani. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Dukani kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na kila mtu alikuwa nacho.

Nilitoka Lindi nikiwa msichana, nikafikia kwa dada yangu Ilala. Kazi niliyopata ilikuwa kufuta vumbi kwa Fundi Mbaraka, aliyekuwa akitengeneza redio na TV za chogo pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa kitambaa, akaniambia nifute TV zote mgongoni, vioo niviache. "Kioo anafuta kila mtu," alisema. "Mgongoni ndiko uliko ugali wetu." Nikafuta mpaka adhuhuri, na kwa kufuta nikayajua matundu: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti, na lile la antena ambalo kila mtu alilichokonoa kwa uma wa chakula, sijui kwa nini.

Laptop ya kwanza kuingia dukani ililetwa na wakala wa forodha wa bandarini aliyetaka kuangalia video ya harusi yake kwenye TV kubwa. Laptop ilikuwa na tundu la bluu lenye vishimo vingi, TV ina yale matatu ya rangi. Fundi Mbaraka aliizunguka ile mashine, akaiinua, akaichungulia chini, akairudisha mezani taratibu. Akasema, "Kesho." Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila asichokijua. Ila kesho yake ikifika alikuwa anakijua, maana alishazunguka Kariakoo nzima akiuliza bila haya. Nyie wa siku hizi mnaona aibu kusema kesho, mnamwambia mteja "poa, inawezekana," halafu mnabaki mnatoka jasho mbele yake.

Waya wa tundu lile la bluu ndio uliotulisha miaka mingi. Ulikuwa na sindano ndogo ndogo mdomoni, na watu waliuingiza kwa nguvu kama wanaopigilia msumari. Ukipinda sindano moja, picha inageuka kijani au zambarau, na mteja anaapa TV imelogwa. Tulikuwa tunazinyoosha kwa mrija wa kalamu iliyokwisha wino: unauvisha juu ya sindano, unaiinua polepole, unashusha pumzi. Nilikuwa na mrija wangu wa bluu, nikiutunza kama hereni. Fundi Mbaraka alinipa na kanuni zake mbili. Ya kwanza, kabla hujagusa chochote, shika waya ncha zote mbili. Ya pili, fundi anarudi dukani na waya wake. "Ukimwachia mteja waya," alisema, "umemwachia mkono."

Kisha likaja tundu la HDMI, likatupunguzia shida na kutuongezea maneno. Waya mmoja, picha na sauti pamoja. Mteja anachomeka, hapati kitu, anakuja dukani amefura: waya wenu feki! Unaenda kwake, unakuta TV bado inatazama king'amuzi. Chukua rimoti, bonyeza Source, chagua HDMI ile uliyochomekea, kwisha. Kama rimoti imevalishwa nailoni na kufungwa mpira, bonyeza kwa ukucha. Picha ikija bila sauti, shuka kwenye kialama cha spika pale chini kwenye laptop, iambie sauti itokee kwenye TV. Hayo yote unaweza kumweleza mtu kwa simu, lakini hakuna anayekusikiliza kwa simu. Wanataka wakuone ukiinama.

Kesi nyingine zilinichekesha. Kuna send-off moja Ilala, katibu wa kamati kaandaa picha za bibi harusi tangu utotoni. Laptop yake inaonyesha picha, yeye anasimulia kwa mbwembwe, "Hapa alikuwa darasa la kwanza," na ukumbi mzima unatazama ukutani milima ya theluji, ile picha inayokuja na laptop. Nikajipenyeza. "Kaka, umetanua skrini. Zinatakiwa zifanane." Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, yatakuja machaguo: laptop peke yake, zote mbili zifanane, skrini itanuke, au TV peke yake. Hilo la kutanua ndilo linaloumbua watu. Akabonyeza, bibi harusi akatokea ukutani akiwa amekaa kwenye beseni, na mama yake akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni.

Na ile ya kurusha picha bila waya, ambayo nyie mnaiona ndiyo ujanja. Jamaa mmoja anakaa ghorofani hapo Mtaa wa Swahili alinipigia akilalamika: anarusha mpira kutoka kwenye laptop, TV yake haionyeshi kitu. Nilipofika, familia ya juu yake walikuwa wanashangilia. TV yao ilikuwa na jina sawasawa na ya kwake, maana zote mbili zilitoka duka moja na hakuna aliyebadilisha. Alikuwa anawaonyesha mpira bure tangu mwanzo wa kipindi. Tangu hapo mimi ni mtu wa waya. Waya unaufuata kwa mkono, unajua unaishia kwa nani.

Sasa ule mrefu.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, duka limejaa. Akaingia mama mtu mzima na kikapu cha sokoni, na ndani ya kikapu laptop imeviringishwa kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka waya wa kumtoa mtu kwenye laptop aende kwenye TV."

"Mtu gani?"

"Mkwe."

Alijiita Bi Tatu. Akaeleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Kaka yake, Mzee Kondo, hatembei tena, anashinda kwenye kiti sebuleni. Binti wa huyo mzee, Mwanaidi, anafanya kazi Muscat, na jioni hiyohiyo alikuwa anaolewa hukohuko na kijana anayeitwa Salum, baharia. Kesho yake Salum anapanda meli, na akishapanda ni miezi. Watu wamekaa nyumbani kwa shehe kule, tende ziko mezani. Lakini walii, mwenye haki ya kumwozesha, ni baba, na baba yupo hai na akili zake timamu, basi shehe anataka amsikie na kumwona mwenyewe akisema kwamba amemwakilisha, yaani amempa yeye shehe uwakili wa kumwozesha binti yake. Bila hivyo ndoa hakuna.

"Si mngempigia simu ya video?" nikauliza.

"Tumempigia asubuhi. Kaka yangu ana mtoto wa jicho. Kasema anaona doa. 'Nimwozeshe binti yangu doa?' Kaitupa simu mkekani."

Ningeweza kumuuzia waya akaenda zake. Kule nyuma wateja walikuwa wananiita jina kwa zamu. Nikamtazama, nikaitazama ile laptop ya kizamani ndani ya kanga yake, nikachukua begi.

Nyumba yao, Mtaa wa Sikukuu, ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, imebanwa na maghorofa kama mtu aliyekaa katikati kwenye kiti cha wawili. Mzee Kondo alikuwa kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, uso umekunjwa. Nikamwamkia. Akaitika, akasema, "Fundi, mimi sikatai ndoa. Nakataa kuozesha gizani. Waambie hawa, mimi hawanisikilizi."

TV ilikuwa kubwa, imetundikwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma; Bi Tatu akakifunua. Laptop nikaiweka juu ya meza ndogo ya pembeni, ukutani, maana waya wa kati uliishia hapo. Intaneti tukaichukua kwenye simu ya Bi Tatu. TV ilikuwa kwenye king'amuzi, nikaihamisha. Picha ikaja: sebule ya Muscat, wanaume wamekaa, na upande mmoja Mwanaidi na hina zake.

Mzee akakaza macho. "Nani hao kwenye ukungu?"

Nikaenda kuigusa TV. Nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa usoni, imevimba mapovu, vumbi limeingia chini yake. Mimi mwenyewe nilikuwa namwona bwana harusi kama aliyesimama nyuma ya pazia la bafuni, sembuse mwenye mtoto wa jicho.

"Mama, hii nailoni itoke."

Bi Tatu akaikinga TV kwa mikono miwili. "Thubutu! TV hii kaituma Mwanaidi kwa mshahara wake. Tuliahidiana ataibandua mwenyewe siku atakayokuja. Haijaguswa na mtu."

Nawajua watu wa nailoni. Kuna sofa hapa mjini zimezeeka ndani ya nailoni bila kuonja mwili wa binadamu. Nikarudisha mikono nyuma, maana nailoni ya mtu haibanduliwi na fundi.

Sauti ikatoka kwenye TV nyuma ya mgongo wake. "Shangazi, bandua."

"Subiri uje, mwanangu."

"Bandua, shangazi. Mimi siji karibuni."

Bi Tatu akageuka, akaanza kubandua kuanzia kwenye kona, taratibu, kwa kucha. Ilipotoka yote aliikunja, akaikunja tena, akaiweka kwapani. Mzee akaegemea mbele.

"Ohoo! Mwanaidi, umenenepa."

"Ndiyo, baba," akacheka huku anafuta macho.

Nikadhani tumemaliza. Shehe akaanza, akamuuliza mzee kama anamwakilisha. Mzee akafungua mdomo. Shehe akainua mkono.

"Samahani, mzee wangu. Unamtazama nani hapo pembeni?"

"Nakutazama wewe!"

"Hunitazami. Na namsikia mwanamke anakutangulia maneno."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa anaitazama TV, lakini jicho la laptop lilikuwa kwenye meza ya pembeni. Kule Muscat walimwona mtu amegeuza uso, anaongea na ukuta. Na Bi Tatu alikuwa amesimama karibu na laptop akimsomea kaka yake, "Sema nimemwakilisha, sema nimemwakilisha," kwa sababu kaka mwenyewe ni mzito wa kusikia. Ukiunganisha hayo mawili, unapata mzee anayelazimishwa. Shehe hakuwa na kosa hata kidogo. Akasema kwa upole kwamba ndoa ya kuelekezwa hafungi, na kama mzee hawezi kusema mwenyewe na macho yake yakaonekana, basi wasubiri Salum arudi safari. Salum akainamisha kichwa. Mwanaidi akawa anaitazama mikono yake.

Mzee akapiga fimbo sakafuni. "Naitwa mwongo nyumbani kwangu!"

"Baba, huitwi mwongo," nikamwambia. "Macho yako yako huku, jicho la mashine liko kule. Nipe nafasi."

Dawa ya hapo ni laptop ikae mbele ya uso wake, chini kidogo ya mstari anaotazamia TV. Akitazama TV, awe anaitazama na laptop. Nikachomoa waya wa kati, nikautoa ule mrefu ambao nilikuwa nao kwa ajili ya kumbi tu. Ukateremka kwenye kabati, ukavuka mkeka, ukafika mbele ya kiti cha mzee ukiwa umejikaza. Ikabaki laptop haina pa kukaa. Meza zote zilikuwa ama ndefu mno ama zinatetemeka. Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyekimbilia jikoni, akarudi anabingirisha kinu. Tukakigeuza mdomo chini, juu yake sinia, juu ya sinia laptop. Kinu cha mninga, hakitikisiki hata ukikisukuma.

Ikabaki waya. Mtu akiukanyaga, TV ingetufuata chini. Nikamwomba Bi Tatu akae palepale kwenye kabati, aushike usivutike, uso ukutani. Akakaa. Hapo waya ukawa salama na mdomo wake pia.

Shehe akatabasamu kule. "Alhamdulillahi. Sasa tunaonana, mzee wangu."

Tukangoja maneno. Mzee hakuyasema. Akasema, "Kijana, sogea."

Salum akasogea, uso wake ukajaa kwenye TV nzima, mpaka jasho la juu ya mdomo tukaliona. Mzee akamtazama. Akamtazama sana. Nje mkokoteni ulipita ukipigiwa kelele za "Oyaa, njia!" na yeye bado anamtazama.

"Kesho unaenda baharini?"

"Naenda, baba."

"Mwanangu unamwacha na nani?"

"Na mama yangu. Na nitampigia kila nikiweza."

"Baharini kuna mtandao?"

Nilitamani aseme upo. Wote pale tulitamani, nadhani. Salum akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Siku nyingi haupo. Nisiwadanganye."

Mzee akarudi nyuma kwenye kiti. "Angesema upo," akatuambia sisi wa sebuleni, bila kushusha sauti, "ningezima." Kisha akaweka mkono kifuani, akasema kwa ufasaha, macho mbele: "Nimemwakilisha shehe huyu ninayemwona, amwozeshe binti yangu Mwanaidi kwa Salum huyu ninayemwona."

Shehe akamwomba arudie, akarudia vilevile. Basi ndoa ikafungwa. Bi Tatu alipiga vigelegele akiwa ameelekea ukutani, na majirani wa ghorofani wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Watu wakaingia, wakatoka, halua ikazunguka, kila mmoja akataka kumpungia mkono Mwanaidi kwenye TV. Kule Muscat nao walikula, wakapeana mikono, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nikainama kwenye kinu nikashika ncha ya waya.

"Fundi," akasema Mzee Kondo. "Usichomoe."

Nikainua macho. Sebule ya Muscat ilikuwa imebaki na viti vitupu na sahani. Mwanaidi peke yake alikuwa amevuta kiti, akakaa mbele ya kamera, na nguo zake zote za harusi. Baba yake naye akasogeza uso mbele. Wanatazamana tu, jicho kwa jicho, maana kile kinu kilikuwa kimekaa sawasawa. Bi Tatu bado alikuwa ameketi pale kwenye kabati, kaushika waya kwa mikono miwili, nailoni kwapani, machozi yanamtoka.

Mimi nilimzika baba yangu Lindi kwa kuambiwa. Nikaiachia ile ncha ya waya, nikachukua begi langu, nikawapungia mkono wasionitazama, nikatoka.

Fundi Mbaraka, Mungu amrehemu, angenisema wiki nzima. Kila nilipopita mtaa ule baadaye nilisema leo nauchukua. Naingia, namkuta mzee kwenye kiti chake, anamngoja Mwanaidi apige, laptop juu ya sinia, sinia juu ya kinu, kinu mdomo chini. Kisamvu Bi Tatu anatwangia kwa jirani. Ananikaribisha chai, tunazungumza mengine, naondoka.

Kwa hiyo, Neema, usiende kuufuata. Nunueni mwingine. Na mkinunua, chukueni mrefu zaidi ya ule, maana ule ulifika kwa kujikaza.